Mbegu ya Udi

Jumatatu, 14 Aprili 2025

Mvua tangu alfajiri. Sukari ilichelewa kushika.

Ndivyo tunavyoanza kuandika jikoni kwetu: hali ya hewa kwanza, sukari pili, mengine baadaye. Lakini daftari la jiko leo limebandikwa stika ya manjano, namba 88, na si letu tena. Kwa hiyo naandika kwenye daftari la binti yangu Ruweida la chuo, kurasa alizobakisha. Miaka ishirini na sita mkono huu umeandika kila chungu, hauwezi kuambiwa ghafla ukae kimya.

Jumatano iliyopita Bwana Juzer alitukusanya wanawake kumi na wawili wa jiko la udi, akatuagizia soda, nikajua hapa pana jambo: jiko linauzwa. Kampuni ya Akbarali na Wanawe ina mikono miwili. Sisi hapa Kibokoni tunapika udi wa kufukiza. Mlango wa pili, nyumba hiyo hiyo, wanauza rangi za nyumba. Babu yake Juzer alianza na udi, rangi ilikuja baadaye ikampita mkubwa wake kimo.

"Udi ndio uliotuzaa, Bi Swafia, sikatai," akaniambia mimi kwa sababu ndiye mpishi mkuu, "lakini rangi ndiyo inayotulisha. Mashine zishazeeka, na benki wataka tushike kitu kimoja tukifanye sawasawa. Hawa wanunuzi wa Nairobi wana maduka nchi nzima. Kwetu udi umedumaa, kwao utakua."

"Na sisi je?" akauliza Mbeyu, anayekoroga sufuria kubwa na ambaye hamuogopi mtu.

"Mwaenda pamoja na jiko. Hakuna atakayefutwa."

Pamoja na jiko, kama masinia. Hasira zilinipanda, lakini nitasema kweli, hakuwa na uso wa mtu mwovu. Alikuwa na uso wa mtu asiyelala vizuri.

Leo basi wakaja kuorodhesha. Binti wa wanunuzi anaitwa Tahseen, mpole, mtandio umenyooka, mkononi roli ya stika kama ya duka la vitambaa. Kila alichokigusa akakipa namba. Vinu, masinia, mizani. Kiti changu cha kamba, 41. Akaufikia msumari ambao mamangu Mwanabaraka alikuwa akitundika buibui lake, akauliza kama umeshikana na ukuta au unatoka. Nikamwambia haujatoka tangu kabla hajazaliwa mamake. Akaupa 63.

Mwisho akaona mkebe mdogo juu ya mlango. "Na ule, Mama?"

"Mbegu tu."

"Mbegu ya nini?"

Sukari ilikuwa ishaanza kuvuta uzi, na sukari ikifika hapo haimsubiri mtu. "Ya jana," nikasema bila kugeuka. "Kipande kilichobaki."

"Masalio, basi."

"Haya, masalio."

Akaandika masalio, hakuubandika kitu. Orodha yake ikaishia 211.

Niieleze mbegu hapa, maana sijawahi kuieleza popote. Kila chungu, ndivyo tuitavyo mpiko mmoja ingawa sufuria ni ya chuma, kabla hatujakiepua, tunatia kipande kizima cha chungu kilichotangulia. Kikishayeyuka, mpishi hugonga mwiko ukingoni mara tatu. Udi mpya ukipoa na kukatwa, kipande cha kwanza kinawekwa mkebeni kwa chungu kijacho, na vingine vikishatiwa paketi haviwi mbegu tena. Mamangu alitia cha mamake, na mamake cha mamake. Hatukihesabu kuwa kiungo, kama vile mtu hasemi mchuzi wake una mwiko.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Sukari hatukupika, siku ya kutia sahihi.

Ofisi ya wakili ilikuwa baridi kama ghala la samaki. Nikataja viungo saba na vipimo vyake: udi wa vipande, sandali, sukari, marashi, zafarani, miski, ambari. Wakaandika. Kisha nikaweka mkono juu ya msahafu, nikaapa kwamba nimetoa kila nikijuacho cha udi huu, kwamba sitaupika kwingine, na sitamfunza mtu miaka mitano.

Hapo nikakumbuka harusi. Ruweida anaolewa tarehe ishirini mwezi wa sita. Mamangu alipokuwa akiaga dunia alinishika kifundo cha mkono, akanambia, "Usimtoe Ruweida nyumbani bila udi wangu." Nikamwahidi. Ni mambo mangapi mtu huahidi mbele ya mtu anayekufa, na hilo ndilo pekee aliloniomba.

Nikawauliza kuhusu harusi. Tahseen akasema wafanyakazi hupunguziwa bei ya paketi. Nikamshukuru, maana nimelelewa.

Jina nalo limeuzwa. Udi ndio utakaoitwa Akbarali, na Bwana Juzer haruhusiwi kuliandika tena jina la babu yake juu ya duka lake la rangi. Alipotia sahihi niliona mkono wake umesimama kwanza juu ya karatasi, kama uliosahau njia.

Nilirudi jikoni saa saba. Nikasimama mlangoni nikidhani nimeingia nyumba ya watu. Hapakunuka.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua. Sukari sawa. Si mafua, maana nasikia harufu ya mahamri ya Mbeyu, mtaro, samaki, hata wino wa kalamu hii. Udi tu ndio sisikii.

Jumanne, 22 Aprili

Manyunyu. Sukari sawa.

Bi Fadhiya haoni tangu utotoni. Kila asubuhi hutoka kwake kwenda kwa mwanawe, na hakuna wa kumshika mkono, hataki. Akifika penye harufu yetu hukata kushoto. Miaka yote hiyo hajakosea.

Leo nilikuwa kwenye baraza, nikamwona amepita mlango wetu moja kwa moja, fimbo mbele, anaelekea kwenye ngazi za bandarini zenye ukungu. Nikakimbia nikamshika.

"Sabalkheri, Bi Fadhiya. Wenda wapi huko?"

"Sabalkheri, mwanangu. Hapa ni wapi?"

"Ushapita kwa Akbarali."

"Sijapita. Kwa Akbarali napajua mimi. Usinifanyie mzaha."

Nikamrudisha hadi kizingitini, nikamshikisha mlango wenye misumari ya shaba. Akaupapasa, akanusa, akautoa mkono upesi.

"Swafia, mumetoka lini humu?"

"Hatujatoka, Bi Fadhiya. Sote tumo, twapika."

"Humu hamuna watu," akasema, akajivuta ukutani.

Wenzangu walicheka alipoondoka. Nami nikacheka nao. Kisha kila mmoja akainamia kazi yake.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua kubwa. Sukari haikushika kabisa, chungu kimemwagwa kabla hatujatia mbegu.

Mafundi wa Juzer wanajenga ukuta kuziba mlango uliokuwa baina yetu na duka la rangi. Mkataba unasema pande mbili zisiingiliane. Maji ya bomba twagawana kwa miezi mitatu, kisha kila mtu na lake. Kingi, bawabu, tuliyemlisha sisi miaka kumi, sasa ni wa upande ule. Asubuhi nilimsalimu akaangalia kando. Si kiburi, aliambiwa.

Juu ya duka wamepaka chokaa pale palipoandikwa jina. Babake Juzer, mzee wa watu, akateremka na fimbo yake, akasimama mvuani akiangalia ile sehemu nyeupe. Akamuuliza Kingi hii nyumba ya nani. Kingi akamwambia ni yako, Bwana. Mzee akasema, "Mbona hainuki?"

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Ukuta umekwisha. Jikoni kumekuwa na mwangwi.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Sukari sijui, sikuwepo.

Nilikwenda kwa fundi kupimisha nguo za Ruweida. Nikarudi saa sita. Wanunuzi walikuwa wameleta watu wa usafi, sakafu imepigwa sabuni, masinia yamepangwa kwa urefu. Nikainua macho juu ya mlango. Hapakuwa na kitu.

Nikaukuta mkebe kwenye karo, umefudikizwa, unachuruzika. Ulikuwa unang'aa. Maisha yangu yote sijapata kuuona unang'aa, kumbe chini yake mna ua dogo lililochorwa, na mimi sikuwahi kulijua.

"Nani aliosha huu?"

Msichana wa usafi akasema ni yeye, na kwamba kilichokuwamo alikitupa. Waliambiwa kila kisicho na stika ni taka.

"Gari la taka je?"

"Lishakwenda, Mama."

Mbeyu akaweka mwiko chini. Kipande kile kilikuwa na chungu cha jana yake ndani, na kile cha juzi, mpaka nyuma huko kwa wanawake ambao hata majina yao hatuyajui, tunajua tu mikono yao ilivyokuwa kwa sababu ndivyo yetu ilivyofunzwa. Kimekwenda na maganda ya ndizi. Nami siwezi kumlaumu msichana, wala Tahseen. Haya, masalio. Ni mimi niliyesema. Ulimi wangu ndio uliokitupa, kwa haraka ya sukari.

Nilipofika nyumbani nilifungua kasha la mamangu. Kuna mbegu moja imebaki duniani. Mamangu aliikata kutoka chungu chake cha mwisho, miaka kumi na moja sasa, akaifunga ndani ya kanga yake akasema hii ni ya chungu cha harusi ya Ruweida. Nikaifungua. Nikaileta puani. Pamba, vumbi, mbao za kasha.

Nikamwita Ruweida. "Yanuka?"

Akainama, akafumba macho, na macho yenyewe yakamlengalenga. "Yanuka Bibi," akasema. "Kwani wewe husikii?"

Nikamwambia nasikia.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Tumepika bila mbegu. Yanuka sukari iliyoungua, Mbeyu asema. Mimi cha chunguni sisikii hata kikiungua, nimemtegemea yeye kuniambia.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua. Nimekaa nyumbani.

Kwenye ubavu wa kasha la mamangu, chumbani kwangu, kuna stika ya manjano. Namba 212.

Ruweida aapa si yeye. Hakuna mgeni aliyeingia. Tahseen nyumba yangu haijui hata mtaa wake. Nimempigia simu, nikamuuliza kwa mzaha orodha yake iliishia wapi. "211, Mama," akasema, "mbona, mmekumbuka kitu?" Nikasema hapana. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwambia uongo.

Nimeibandua na kuibandika hapa pembeni mwa ukurasa, ili kesho nisijiambie niliota.

Jumanne, 20 Mei

Mvua imepungua. Jiko limefungwa.

Wanunuzi wamehamishia kila kitu kwenye kiwanda chao cha Mariakani, kwa sababu huko kuna mashine na barabara ya magari makubwa. Mbeyu na wenzake wanachukuliwa na basi asubuhi. Mimi nimeambiwa nikae nyumbani, ni mshauri mpaka mwisho wa Juni, wakinihitaji wataniita. Niliangalia msumari, namba 63, ukitolewa kwa koleo. Ulitoka kwa urahisi sana. Nilichukia urahisi ule.

Jumanne, 27 Mei

Jua na mvua pamoja.

Bwana Juzer alikuja mwenyewe, akagonga mlango, akakataa kukaa. Uso umemwisha.

"Bi Swafia, nakuomba twende Kizingo."

"Kuna nini Kizingo?"

"Kuna rangi."

Njiani akanieleza huku akiendesha. Mashine mpya zimekuja, rangi nyeupe inatoka safi ajabu, kazi imekuwa nzuri kuliko alivyotarajia, wamepaka nyumba saba za Kizingo. Na sasa wenye nyumba wanarudisha ndoo. Wasema kuta zanuka udi. Si kutwa nzima. Kila siku saa nne asubuhi, kwa dakika chache tu.

"Saa nne ndiyo tuliyokuwa tukiepua," nikasema.

"Najua," akasema Juzer. "Niliuuza, Bi Swafia. Niliuuza wote, na jina juu yake. Mbona umebaki upande wangu?"

Tukafika kwa Bi Firoza, mjane, nyumba kubwa yenye bustani. Amehamishia kiti chake sebuleni, kimeelekea ukuta mtupu. Alinipokea vizuri, akaniagizia chai, lakini hakutoa macho ukutani.

"Kila mtu aniambia nibandue rangi hii," akasema. "Mimi sitaki. Ni udi niliofukizwa siku niliyoolewa. Ulinunuliwa kwenu."

Ilipofika saa nne aliegemea mbele. Juzer akashika ukingo wa meza. Niliwaona wote wawili nyuso zao zikibadilika, kama watu walioingiliwa na mgeni wa heshima. Mimi nilivuta pumzi. Rangi mpya na chai ya maziwa.

"Umesikia?" akauliza Bi Firoza.

"Ndiyo," nikasema.

"Na hiyo sauti je? Huja mwisho kabisa." Akainua kidole. "Kitu cha mti chagonga chuma, mara tatu. Kisha harufu yakata. Ni nini kile?"

Juzer akaniangalia. Yeye hajui habari ya mara tatu, haingii jikoni tangu utoto. Chai ilinimwagikia kwenye buibui, nikasingizia joto la kikombe.

Jumatano, 4 Juni

Jua.

Mbeyu alinipitia akitoka kazini, miguu imemvimba.

"Da Swafia, kule hakuna udi. Twafuata karatasi yako mpaka punje, na watoka mweusi, wang'aa, mzuri wa macho. Ukiuchoma ni moshi tu. Maduka yarudisha. Wametwambia tarehe kumi na mbili wakubwa waja kujaribu chungu cha mwisho. Kikikosa, wafunga, kila mtu ende kwao."

"Mliwaambia habari ya mbegu?"

"Niliwaambia. Wakauliza iko wapi. Nikawaambia mliitupa nyinyi." Kisha akauliza bila kunitazama, "Ya Bi Mwanabaraka unayo bado?"

Mbeyu alikuwepo mamangu alipoikata. Nikamwambia ninayo.

"Basi mimi sikuombi," akasema. "Ni ya mtoto." Akavaa viatu vyake akaenda zake. Nilitamani angeniomba, ningeweza kumkatalia.

Ijumaa, 6 Juni

Jua. Idi. Nimekula bila ladha.

Jumatatu, 9 Juni

Jua. Nimenunua sukari.

Nimenunua sukari, marashi, sandali, nimeweka vyote jikoni kwangu nikakaa kitako nikivitazama. Chungu kimoja kidogo. Nani angejua? Ningetia mbegu, ningepata udi wa Ruweida, na kipande kingine ningempa Mbeyu apeleke kiwandani. Kila mtu angepata.

Lakini niliapa mkono juu ya msahafu. Nimeshavunja nusu ya kiapo, maana niliapa nimetoa vyote na hii imelala kashani. Na kuna jambo jingine linaloniaibisha kuandika. Pua yangu haiko. Mpishi asiyesikia harufu ya chungu chake, mbegu ikiungua atajuaje? Ningeiua ya mwisho kwa mikono yangu, kama nilivyoiua ile nyingine kwa ulimi.

Nikiipeleka Mariakani, itaingia chungu cha watu wengine, na ahadi ya mamangu itakuwa kwenye paketi dukani. Nikiibakisha, wanawake kumi na mmoja warudi majumbani, na Bi Firoza ashinda akitazama ukuta.

Nimempa jirani sukari.

Alhamisi, 12 Juni

Jua kali. Sukari ilivuta uzi saa tatu na robo, uzi mrefu, safi.

Nilipanda basi la kiwanda pamoja nao, mbegu ndani ya kanga mapajani. Nitakuwa mkweli: nilikwenda na tamaa yangu. Nilijiambia nikirudisha chao, nitarudishiwa changu, pua yangu.

Kiwanda ni kikubwa, cheupe, hakina kivuli hata kimoja. Tahseen alinipokea, nikamwambia yote: haraka ya sukari, masalio, kasha. Nilidhani atakasirika. Alinishika mkono akasema, "Mama, lazima niiandike." Akaitoa roli yake mkobani. Orodha ilikuwa imeishia 211. Akavuta stika iliyofuata, na ilikuwa 213. Akaitazama kwa nyuma, akaihesabu roli, akasema labda waliokosea ni waliochapa.

Nikafungua daftari hili, nikabandua 212 kutoka ukurasa wa tarehe kumi na mbili Mei, nikampa. Hakuniuliza nimeipata wapi. Aliibandika kwenye kanga iliyofunga mbegu, ikakaa kama iliyokatiwa pale.

Mbeyu alikuwa kwenye sufuria. Nilimwambia atie yeye. Ikaingia nzima, ikazama, akakoroga, jasho linamtiririka, na ilipokwisha yeyuka akagonga mwiko ukingoni mara tatu. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne kamili.

Nikawaona. Kwanza wasichana wa kufunga paketi, hawajawahi hata kufika Kibokoni, wakaacha kazi wakainua vichwa. Kisha wakubwa waliovaa suti. Kisha Mbeyu akafunika uso na leso, akalia kwa sauti, "Karibu Bi Mwanabaraka, karibu."

Nilisogea mpaka mvuke ukanichoma mashavu. Nikavuta kwa pua, nikavuta kwa mdomo. Mvuke ulikuwa wa moto tu.

Ijumaa, 13 Juni

Jua. Juzer amepiga simu. Tangu jana saa nne kuta za Kizingo zimenyamaza, maagizo ya rangi yameanza kurudi, hana la kunilipa. Nikamuuliza Bi Firoza yuko vipi. Akasema amekaa pale pale, alia.

Alhamisi, 19 Juni

Jua. Mbeyu ameleta paketi ya kwanza kutoka chungu kile. Ina picha ya mlango wetu na jina la Akbarali kwa herufi za dhahabu. Nimeiweka juu ya kasha. Sikuifungua.

Ijumaa, 20 Juni

Jua. Sukari si yangu tena kuandika.

Saa nne asubuhi tulimkalisha Ruweida chumba cha ndani, nywele zimefunguliwa, nguo zake zimetandazwa juu ya kikapu kilichofudikizwa, na chetezo chini yake. Wanawake wa nyumba walijaa, wale wa jikoni wote. Nikakata paketi kwa makasi. Nikaweka kipande juu ya kaa.

Moshi ukapanda. Kelele zote zikakatika. Mmoja akaanza kulia, kisha mwingine, na binti yangu akafumba macho kama alivyofumba siku ile mbele ya kasha, akasema polepole, "Bibi." Ahadi imetimia, nikajiambia. Nilikaza macho nisilie mbele ya watu, na nilichokuwa nikikililia si walichokuwa wakikililia wao.

Ndipo nikasikia fimbo nje. Bi Fadhiya, peke yake. Hajafika mtaa huu tangu mwezi wa nne, tangu aogope mlango ule, na nyumba yangu hajaingia tangu msiba wa mamangu. Alikata kona, akapanda ngazi, akaingia chumba cha ndani bila kugusa ukuta, akasimama mbele yetu akitabasamu.

"Sabalkheri, Mwanabaraka," akasema. "Mungu akuweke. Leo nimekuona mbali."

Hakuna aliyemcheka. Akageuza uso wake kidogo, upande wangu, kama mtu anayesikiliza. Kisha akaninyooshea mkono, akaniambia kwa upole, kama amwambiavyo mtoto aliyesimama mahali pasipo pake:

"Swafia, mpishe mamako. Umemzibia ndia."

Nikageuka. Nyuma yangu palikuwa na ukuta, na mwanga wa dirisha, na moshi. Nilivuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Ruweida alikuwa amefumbua macho, anatazama palepale nyuma ya bega langu, na uso wake umefunguka wote.

Nikasogea, nikampisha.